Kufungulia redio hakutoshi kujifunza Kiswahili

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika juzi kwamba mgeni anayetaka kujua Kiswahili afungulie redio tu, nyimbo zitamfunza bila mwalimu. Mimi hufundisha watu wazima jioni hapa Eastleigh, wengi wao Wasomali na Waoromo, na nyimbo nazitumia kila kipindi. Lakini hebu anijibu: ni Wanairobi wangapi wamecheza Lingala tangu miaka ya 1970, wakaimba "bolingo" na "motema" hadi jasho likawatoka, na mpaka leo hawawezi kuomba maji kwa lugha hiyo? Nami nimo.

Kinachosaidia ni mtu kuimba mwenyewe, polepole, maneno machache yanayojirudia. Kisomali hakina sauti ya p wala v, ndiyo maana pesa huwa "besa". Basi nikatunga ubeti wa mstari mmoja: "Kiatu kipya kimepotea, viatu vipya vimepotea." Wao hupiga makofi, mimi hugonga meza. Mama mmoja muuza vitambaa alianza na "fiatu fibya fimebotea". Darasa likaangua kicheko, yeye akacheka kuliko wote. Kufikia wiki ya tatu ilitoka safi. Tena ile ki-ki-ki na vi-vi-vi ilimwingiza katika upatanisho wa ngeli, ambao nilikuwa nimeuchora ubaoni mwezi mzima bila faida. Siku hizi tunaondoa kiatu tunaweka kikombe, kisu, kitanda, na yeye ndiye mchaguzi.

Wimbo nao una hila zake. Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi huvuta silabi yoyote yapendavyo. Ubeti wangu mwenyewe ulinisuta: niliuvuta mwishoni ili upendeze, kijana mmoja akaenda dukani kueleza kwamba simu yake "imepoteaaa", karibu aimbe. Kosa lilikuwa langu. Na yapo maneno ambayo mkazo ukihama, maana inahama nao. Barabara ya magari tunaikazia kwenye "ba" ya pili. Barabara ya kusema jambo limekaa sawasawa tunaikazia kwenye "ra" ya kwanza. Kwa hiyo sasa ubeti tunausema kwanza kama mazungumzo, ndipo tunauimba, kisha tunausema tena bila mahadhi.

Nyimbo za kwenye matatu sizikatazi, ingawa ilibidi nimweke chini mwanafunzi aliyemwamkia mzee wa msikiti kwa "niaje", salamu ya vijana wa mtaani.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa redio. Kabla ya kupiga wimbo wa Kiswahili, someni kiitikio chake polepole, mara mbili, kwa sauti ya kawaida. Hata kama ni mara moja kwa juma, saa moja jioni, mimi nitaleta redio darasani na wanafunzi wangu watakuwa wameshika kalamu.

Mwalimu wa jioni,
Eastleigh, Nairobi