Upendo mwanangu, angalia tu usile

Upendo mwanangu,

Shikamoo yako ya jana niliiona, marahaba. Niliiona na ile picha uliyoweka kwenye grupu la familia, kofia ya uyoga umeilaza kwenye karatasi nyeupe usiku kucha asubuhi imeacha unga wa kijani. Kaka zako wakakumwagia pongezi, mimi nikakaa kimya. Sijanuna, ndiyo maana nakuandikia hii pembeni.

Nimefurahi umejiunga na hao wapenda uyoga wa porini. Tangu uhamie Sakina huko Arusha ilikuwa kazini na kitandani basi, sasa una watu wa kutoka nao. Ile sauti uliyorekodi kuhusu mchwa nimemsikilizisha mpaka jirani, kumbe ule uyoga wa kwenye kichuguu mchwa wenyewe ndio wanaulima huko chini na shina lake linashuka mpaka kwenye kiota chao! Nimeula miaka yote na sikujua. Ila Upendo, usile. Angalia, piga picha, nusa, chora, lakini usile kitu eti kwa sababu mwenzio wa kwenye kikundi kasema anaujua.

Unasema kuna mzee wenu ana uzoefu. Uzoefu wa wapi? Mtu aliyekulia Songea na uyoga wa miombo, ukimleta huko Olmotonyi mnakokwenda Jumamosi, kwenye mipaina, anakutana na kitu kinachofanana na cha kwao tu. Na wewe una haraka toka mdogo, hata uji hungoji upoe.

Nimeongea na yule nesi mstaafu wa hapa jirani. Anasema ule unaoua haukwambii mapema, unakula mchana unakaa masaa sita, kumi na mbili, hata zaidi, huna dalili, ndipo tumbo linaanza kuharisha na kutapika, halafu linatulia unaona umepona unarudi kazini kumbe ini ndiyo linakwisha. Kuchemsha hakuiondoi ile sumu, kuukausha hakuiondoi. Kwa hiyo likitokea lolote msikae kuulizana kwenye simu, nendeni hospitali hapo hapo na kipande kilichobaki mkifunge kwenye karatasi mwende nacho, hata kama tumbo limeshatulia.

Halafu huo wa unga wa kijani. Mkubwa vile, mweupe vile, kwenye nyasi baada ya mvua. Nimeukuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Ile siku mdogo wako alitapika mpaka alfajiri, haikuwa maziwa. Ulikuwa uyoga kama huo, umetafunwa na konokono, na bibi yako alikuwa akisema alichokula konokono hakimdhuru mtu, nikaukatia kwenye mboga, mtoto akaonja jikoni, uliobaki nikaumwaga kwenye migomba kabla hamjakaa kula. Baba yako alipouliza nani kachemsha maziwa mimi nilikuwepo pale. Juzi ndiyo nakusikia unasema hiyo ya konokono siyo kweli, konokono anakula hata ule wa kuua na hadhuriki.

Tenki la maji limepasuka tena upande ule ule, fundi anataka laki na nusu, nimemwambia asubiri kahawa. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja dhaifu nampa maziwa kwa chupa. Baba yako mguu unamsumbua ila hataki kwenda kuupima, mpigie wewe, mimi hanisikii.

Na hilo la kuja na wenzako kupanda huku kwetu mlimani kuchuma uyoga, waje wale ndizi, walale, vitanda vipo, ila msitu wa juu hauchumwi kitu, uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005 na sisi wenyewe kuni tunazitafuta kwa tabu. Pitieni shambani kwetu inatosha. Mkiuona mtaangalia tu, sirudii tena, usile.

Nguo ya mvua uliiacha nyuma ya mlango wa chumba chako, nitaituma na gari la asubuhi, uivae maana huko Olmotonyi ni baridi.

Jumamosi mkirudi nipigie. Siyo meseji, piga nikusikie. Halafu Jumapili mchana nipigie tena, masaa yake nimeshakwambia. Simu nitakuwa nimeichaji.

Mama yako