Ndege wa Mida na Sabaki mwanzoni mwa Januari: barua kwa Otieno

Watamu, 12 Desemba 2025

Ndugu yangu Otieno,

Salamu nyingi kutoka pwani. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku sote tu wazima, kaskazi imeshaanza kuvuma na joto ndilo la msimu. Ujumbe wako nimeupata, kwamba utakuwa Watamu kuanzia mwaka mpya hadi tarehe 6, na kwamba unataka kuwaona ndege waliokimbia baridi ya Siberia na Asia ya kati. Wakati umeuchagua vizuri. Lakini wewe umezoea Ziwa Victoria, ambako maji hayana kujaa wala kupwa na alfajiri ndiyo saa ya ndege siku zote. Huku saa hupangwa na bahari. Mgeni akifika hori la Mida saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani siku ya maji makubwa, hukuta uwanja mtupu wa tope na vidoadoa vinavyotetemeka kwa mbali, akaondoka akisema hakuna ndege. Kumbe wapo kwa maelfu, ila wametawanyika mpaka ukingoni mwa maji, na maji yamekwenda mbali.

Kwa hiyo anza na mwezi. Tarehe 3 Januari utakuwa mpevu, na siku moja mbili kabla yake utakuwa umeisogelea sana dunia, basi bamvua la siku hizo litakuwa kubwa. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua hadi karibu mita 1. Na bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa dakika 40 hadi 50 kuliko jana, hata baada ya wiki moja mambo yamegeuka, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Dakika kamili utazipata katika jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Ukishazipata ongeza kidogo kwa ajili ya Mida, maana hori lile huingiwa na bahari kwa mlango mwembamba na maji yake hubaki nyuma ya yale ya pwani wazi.

Sasa tazama maana yake kwako. Tarehe 3 na 4 maji yatakuwa yamejaa kabla ya mapambazuko, na jua linapotoka yanashuka. Tope la kwanza kufunuka ni lile lililo karibu na mikoko, yaani mbele kabisa ya kibanda cha kutazamia ndege kilicho mwisho wa daraja la mbao la Mida. Ndege waliolala na njaa wanashuka hapo kula. Uwe kibandani saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa mbili na nusu utakuwa nao karibu, hewa ikiwa bado tulivu. Baada ya hapo wanafuata maji na wewe nenda ukanywe chai. Rudi saa nane mchana. Maji yanapopanda huwasukuma kuja kwako hatua kwa hatua, wakijibana kwenye vipande vya tope vinavyozidi kupungua, na saa moja na nusu hivi kabla ya maji kujaa kabisa ndipo wanapokuwa wengi zaidi mahali padogo. Usisubiri maji yajae. Kwenye bamvua kubwa hori lote hufunikwa na ndege huondoka kwenda kupumzika kwingine, ukabaki unatazama maji.

Kosa la wengi ni kushuka topeni kuwafuata. Ndege huyu ana saa chache tu za kula kati ya maji na maji, na kila anaporushwa anapoteza chakula pamoja na nguvu ya kuruka. Kaa mita 100 kutoka kwao, na kamwe usipite kati yao na ukingo wa maji. Ukilazimika kusogea, nenda upande upande badala ya kuwaelekea moja kwa moja, simama mara kwa mara, na wakiinua vichwa wote pamoja wakaacha kula, umeshafika mbali mno, rudi nyuma. Kuna sababu nyingine ya kutoshuka peke yako: mikondo midogo hujaa nyuma yako kabla ya uwanja ulio mbele kufunikwa, na mtu hugundua amekatwa na maji wakati bado amesimama pakavu. Tope karibu na mizizi ya mikoko na michu ni laini na lina maganda ya chaza yanayokata. Vaa viatu vya kamba vinavyobana mguu. Malapa hubaki humo.

Kuhusu vifaa, darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inatosha na kwa pwani naiona bora kuliko ya 10, kwa sababu upepo wa kaskazi hutikisa mikono na joto hutikisa picha. Teleskopu ndiyo ya lazima. Yako ya milimita 65 ni nzuri, lakini usiivute hadi 60. Kuanzia saa tatu asubuhi mitetemo ya joto juu ya tope huharibu kila kitu, na 25 au 30 itakuonyesha zaidi ya 60. Stendi ifungue chini, ukae, na utundike mfuko wenye chupa za maji katikati yake. Chumvi ni adui wa kioo. Usifute kioo kikavu, kwa maana chembe za mchanga zitakwangua. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi. Jioni suuza miguu ya stendi kwa maji hayohayo, la sivyo ndani ya siku chache vifungo vitakwama.

Ndege wa kwanza utakayemtaka ni membe, Dromas ardeola. Hutamkosa: mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi kama kisu kizito, miguu mirefu ya kijivu cha buluu. Membe huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Miongoni mwa ndege wa pwani wanaotafuta chakula topeni hakuna mwingine anayezaa hivyo. Mwezi wa Januari angalia wale wenye mgongo wa kijivu na michirizi kichwani: ni watoto wa mwaka huu, na utawaona wakimfuata mkubwa, wamejiinamisha, wakilia wapewe kaa. Wazazi huwalisha mpaka huku, maelfu ya kilomita kutoka shimoni walikozaliwa. Mtazame mmoja kwa nusu saa kabla ya kwenda kwa mwingine. Anatembea polepole, anasimama, anakimbia ghafla, na akikamata kaa mkubwa humtikisa na kumpiga mpaka miguu imtoke.

Watakaokusumbua ni vitwitwi wawili wa mchangani, Charadrius leschenaultii na mwenzake mdogo aliyekuwa akiitwa mongolus. Vitabu vipya vimewahamishia kwenye jenasi ya Anarhynchus, na yule mdogo amegawanywa kuwa spishi mbili. Anayefika kwetu ni atrifrons, wa nyanda za juu za Asia ya kati. Katika manyoya ya msimu huu wote ni wa kijivu cha udongo juu na weupe chini. Watu hutegemea mdomo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu atrifrons ana mdomo mrefu kuliko ndugu zake wa Siberia. Fanya hivi: chukua urefu kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, uulinganishe na mdomo wenyewe. Kwa leschenaultii mdomo huzidi urefu huo, nao ni mnene na umevimba kuelekea ncha. Kwa mdogo hulingana au hupungua. Kisha tazama miguu: ya mkubwa ina ukijani au unjano, ya mdogo ni ya kijivu kilichoiva. Lakini tope hupaka miguu yote rangi moja, basi subiri mpaka apite kwenye maji. Wakiruka, vidole vya mkubwa hutokeza nyuma ya mkia. Alama moja peke yake isikuridhishe. Zikikubaliana tatu, andika. Zisipokubaliana, andika "mchangani, mkubwa au mdogo" na uendelee. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko lenye majina ya kubahatisha.

Wengine ni rahisi zaidi. Sululu wako wawili: Numenius phaeopus ana mistari kichwani na hulia mlio mmoja ukirudiwa upesi kama mara saba; arquata ni mkubwa, hana mistari hiyo, na mdomo wake unashangaza kwa urefu. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, na ndiye anayekimbia kuliko wote, akifukuza kaa wadogo huku ameinamisha kichwa; maji yakijaa mtafute kwenye matawi ya mikoko. Pluvialis squatarola utamjua akiinua bawa, kwapani ni mweusi. Calidris ferruginea, anayezaa Aktiki ya Siberia, ana mdomo uliopinda chini na kiuno cheupe akiruka. Hao waliokomaa walifika Agosti na Septemba. Januari baadhi yao wanamalizia kubadilisha manyoya ya mabawa, kwa hiyo usishangae kuona bawa lenye pengo. Machi na Aprili watanenepa na kuwa wekundu kabla ya safari. Vijana wengi hawaendi. Hubaki nasi kusi yote.

Kama utataka kuhesabu, maana Januari ndio mwezi wa hesabu ya ndege wa majini Afrika nzima, usihesabu wakiwa wanakula. Hesabu wakiwa wamebanwa na maji. Kwanza hesabu kumi mmoja mmoja ili jicho lishike ukubwa wa kundi la kumi, kisha pita na makumi kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukienda kinyume na wanakotembea. Rudia. Hesabu mbili zikitofautiana sana, fanya ya tatu. Mmoja ahesabu bila kuinua jicho kwenye teleskopu, mwingine aandike. Hasara kubwa iko kwa wadogo, kwa sababu Calidris minuta hujificha nyuma ya sululu na membe, subiri wasogee. Na mwewe akilirusha kundi, andika saa na walikotua, kwani hao hao wakitua upande wa pili utawahesabu tena.

Tarehe 5 nataka twende mto Sabaki. Kutoka Malindi ni mwendo mfupi kaskazini hadi darajani, kisha kwa miguu kando ya mto mpaka mlangoni. Tuondoke darajani saa tisa alasiri: mto unaelekea mashariki, kwa hiyo jua litakuwa nyuma yetu, na maji yatakayojaa baada ya saa kumi na moja yatawasukuma ndege kwenye mafungu ya mchanga, pamoja na shakwe na buabua wanaokuja kulala. Buabua wakubwa watenganishe kwa mdomo: Thalasseus bergii wa njano iliyofifia, Thalasseus bengalensis wa rangi ya chungwa, Hydroprogne caspia mwekundu mnene. Wadogo kabisa ni Sternula saundersi. Topeni tafuta Calidris falcinellus, mwenye mistari miwili juu ya jicho na ncha ya mdomo iliyovunjika kwenda chini; Sabaki ni mahali pazuri pa kumtafuta. Upepo pale ni mkali kuliko Mida, mchanga unapeperuka chini chini, basi lenzi ifunikwe kila usipoitumia. Na kuna viboko. Wanakaa mtoni mchana na kutoka jioni kula nyasi, kwa hiyo tutakwenda na mwenyeji wa kijijini anayejua walipo, na tutageuka kabla jua halijazama.

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi ushukie Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Wiki hiyo wageni ni wengi na nauli hupanda, basi safiri asubuhi. Nijulishe kabla ya tarehe 20 kama utakuja na shemeji, kwa sababu nataka kumweka mapema mwenye mtumbwi wa kututoa Mida tarehe 4 alasiri, na mtumbwi wake huchukua watu watatu tu.

Wako,
Kahindi