Gambuti zako nimezifunga kwenye kiroba

Kongwa, mwishoni mwa Juni

Mwanangu,

Mbukwa. Sisi huku wazima, ila upepo wa mwezi huu hauna adabu. Juzi umeezua tena bati la jikoni. Uliponipigia kusema umepata kibarua cha kubeba mizigo kwenye kitalu cha uwindaji cha Moyowosi, kule kwenye vinamasi, mama yako alipiga vigelegele. Mimi niliangalia miguu yangu. Nilikwenda huko misimu minne kabla hujazaliwa, na ninayotaka kukwambia hayaenei kwenye vocha ya elfu moja.

Sisi wa Ugogo tunajidanganya kuhusu miguu. Mvua yetu ya mwaka mzima haifiki milimita 600, tunatembea pekupeku na katambuga, kisigino kinakuwa kama gome la mbuyu, basi tunajiona tumekomaa. Ugumu ule ni wa nchi kavu. Uloweke siku mbili uone: unavimba, unageuka mweupe kama muhogo uliolowekwa, na yale magaga uliyoyazoea yanafunguka mpaka kwenye nyama. Tope linaingia humo. Wala usidhani mpaka maji yawe ya baridi. Askari wa Marekani walioshinda kwenye majaruba ya mpunga kule Vietnam miguu yao iliharibika vivyo hivyo, na ile ni nchi ya joto.

Kwa hiyo anza leo, usingoje mpaka gari lije kuwachukua. Kila jioni loweka miguu kidogo, sugua magaga kwa jiwe taratibu, usikwangue kwa wembe kama anavyofanya mjomba wako. Futa, paka mafuta ya mgando, vaa soksi ulale. Kucha zikate siku mbili tatu kabla ya safari, zikate kwa mstari ulionyooka, usizungushe pembe, maana kucha inayorudi ndani ya nyama itakulaza kambini. Kama una fangasi katikati ya vidole, nunua dawa sasa hivi. Ukiingia nayo majini, hutaitoa.

Sasa gambuti. Utaona nimekununulia namba 9 na wewe unavaa 8, usinune. Ndani zinaingia soksi mbili, na mguu wa jioni si mguu wa asubuhi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilibana pesa nikachukua pea iliyonibana, kisa bei. Siku ya tatu lengelenge la kisigino lilipasuka, mwindaji bingwa akaniangalia nikichechemea, akaninyooshea kidole upande wa jiko. Nilimenya vitunguu wiki nzima wenzangu wakiona nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi.

Hizi ni za mtumba, za soko la Majengo, lakini nimezipima. Nilisokota gazeti kavu ndani, nikazisimamisha kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi ya kulia gazeti kavu, ya kushoto limelowa pale kwenye kidole kidogo. Nikampelekea fundi baiskeli: akapiga msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke kidogo, akabandika kipande cha tyubu akakigongagonga kwa nyundo. Nikairudisha kwenye beseni usiku mwingine. Haipitishi. Hata hivyo zivae kila siku kabla hujaondoka, nenda nazo sokoni, wacha wakucheke.

Soksi za pamba ziache nyumbani, zinanyonya maji na kukaa nayo. Nimekuwekea pea tatu za sufu. Moja ya kulalia tu, hiyo isiguse tope hata ukibembelezwa.

Huko wengine watakwambia gambuti ni ujinga, bora raba za turubai zinazoingiza maji na kuyatoa. Hawakosei kabisa. Maji yakizidi magoti, gambuti inakuwa ndoo mbili umezifunga miguuni. Lakini wewe utakuwa zaidi pembezoni, kwenye tope na nyasi zenye umande, na hapo raba itakulowesha tangu alfajiri. Maji yakiingia, usijikaze kiume. Kaa chini, inua miguu, mwaga, kamua soksi, endelea. Na suruali itoe nje ya buti; ukiichomeka, mvua inashuka nayo moja kwa moja mpaka unyayoni. Mkipita penye siafu, ichomeke.

Tope likikushika mguu, usivute kwa nguvu, utatoka wewe gambuti ibaki. Tanguliza kisigino, zungusha kidogo, mpaka usikie hewa imeingia. Ndio maana namhusudu nzohe: kwato zake ndefu, zinatanuka, anapita juu ya matope kama yuko ukumbini. Wewe huna kwato.

Jioni ukifika kambini, jambo la kwanza kabla ya chai ni miguu. Osha, kausha mpaka katikati ya vidole, iache wazi ipate upepo. Gambuti zijaze magazeti makavu, uyabadilishe kabla ya kulala. Usizisogeze motoni. Mpira ukipata moto unapasuka kwenye mkunjo, na huko hakuna fundi baiskeli. Jua kali nalo lile lile. Zigeuze midomo chini juu ya vijiti viwili, na asubuhi zikung'ute kabla hujavaa, nge anapenda kujificha humo.

Ukiona ngozi imekuwa nyeupe na hausikii vidole, sema siku hiyo hiyo. Najua utaogopa kurudishwa jikoni.

Magazeti niliyojazia humo ni ya zamani, usiyatupe ukifungua. Mama yako ameficha karanga kwenye ya kushoto. Kondakta nimeshamlipa mpaka Tabora, akikudai tena usimpe.

Baba yako