Barua kutoka Córdoba: Anzia Ng'ambo ya Mto

Córdoba, 21 Oktoba

Kwako rafiki yangu mpenzi Zuwena,

Salamu nyingi, na baada ya salamu natumaini kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na mama na watoto wote hapo Unguja. Mimi ni mzima, ila nyayo zangu zinalalamika, na sababu yake utaiona humu.

Uliniuliza kama mtu anaweza kuuzunguka mji huu kwa miguu bila kumlipa mwongoza watalii, kwa kuwa nawe unakusudia kupita Hispania mwakani. Inawezekana kabisa, mradi usifanye kosa nililolifanya mimi siku ya kwanza. Niliposhuka kwenye treni iliyotoka Madrid nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye msikiti mkuu wa zamani, nikafika adhuhuri, nikapanga foleni, nikaingia pamoja na makundi ya watu wenye vipokea sauti masikioni, kisha nikatoka bila kuelewa nilichokiona. Siku ya pili niliamua kuanza upya, na safari hii nilianzia ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo fanya hivi: vuka kwanza Daraja la Kirumi hadi kwenye ngome ya Calahorra, halafu geuka uutazame mji. Daraja hilo lina matao 16, na ingawa Warumi ndio walioliweka, mawe mengi unayoyakanyaga leo ni ya matengenezo ya karne za baadaye. Magari yalizuiwa kupita hapo tangu 2004, basi unaweza kusimama katikati bila wasiwasi. Mto unaitwa Guadalquivir, na ukilitamka jina hilo polepole utasikia maneno ya Kiarabu yaliyomo, al-wadi al-kabir, yaani mto mkubwa. Nilikuwa hapo saa mbili asubuhi, kungali na giza kidogo kwa sababu jua la Oktoba huku huchelewa kuchomoza, na kutoka pale niliona jambo ambalo jana yake, nikiwa ndani, halikunidhihirikia: paa pana la msikiti limelala chini, na katikati yake limechomoza kanisa kuu, mfano wa jahazi lililopandishwa juu ya nyumba ya mtu.

Msikiti wenyewe niliuingia saa mbili na nusu, katika ile saa moja ya asubuhi ambayo, Jumapili isipokuwamo, watu huingia bila kiingilio na makundi hayaruhusiwi. Amiri Abd al-Rahman wa Kwanza aliuanza katika miaka ya 780, na watawala waliomfuata wakaupanua mara kwa mara mpaka ukafika ukubwa wake wa sasa kabla ya mwaka 1000. Nguzo zilizobaki ni zaidi ya 850. Nyingi kati ya zile za mwanzo ziliokotwa katika majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi, walioitawala Hispania kabla ya Waislamu, na kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi walijenga tao juu ya tao ili paa lipande na hewa ipate nafasi, wakipanga tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu. Nilikuwa nikidhani rangi zile ni pambo tu, kumbe chini ya uzuri wote ule kulikuwa na shida ya nguzo fupi!

Ukifika kwenye mihrabu, iliyonakshiwa kwa vipande vya kioo na dhahabu katika zama za Khalifa al-Hakam wa Pili, utashangaa jambo jingine. Sisi ambao tumezoea kuiita kaskazini kibla, hapa tunakuta kibla kikielekea kusini, tena kusini zaidi kuliko Makka ilivyo hasa. Swala ya Kiislamu hairuhusiwi humo, kwa hiyo nilisimama kimya nikasoma moyoni.

Kuhusu lile kanisa, nakueleza maoni yangu bila kuficha. Mji ulitekwa na mfalme Mkristo, Fernando wa Tatu, mwaka 1236, na msikiti ukageuzwa kanisa mara moja, lakini kwa karibu miaka 300 nguzo nyingi ziliachwa zilivyokuwa. Ni mwaka 1523 ndipo askofu alipoanza kubomoa katikati, huku baraza la mji likimpinga kwa vitisho vya kifo kwa fundi yeyote atakayegusa nguzo, mpaka Mfalme Carlos wa Tano akatoa ruhusa. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuliona jengo alijuta. Lingekuwa kwenye uwanja wake lenyewe ningelisifu kwa moyo mweupe. Pale lilipo, jicho langu lilikuwa likilikwepa na kurudi kwenye matao.

Ukitoka, pita ua wa michungwa uingie mtaa wa zamani wa Wayahudi, upande wa magharibi. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na kwa sababu ileile ya kivuli, ila hakuna baraza za kukalia nje. Starehe yote imefichwa ndani, kwenye nyua zenye vyungu vya maua, ambazo hufunguliwa kwa wageni kila Mei. Sinagogi la mwaka 1315 ni chumba kidogo tu, mojawapo ya machache ya Zama za Kati yaliyosalia Hispania nzima, na kuta zake zimejaa maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa kwenye plasta. Karibu yake ameketi Musa bin Maimun wa shaba, yule mwanafalsafa wa Kiyahudi, mguu wake ukimeremeta kwa kushikwashikwa na wapita njia. Yeye aliuhama mji angali mdogo, akafia Misri mwaka 1204. Nje ya ukuta wa mji iko sanamu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa hapa 1126 akawa kadhi wa mji huu, kisha uzeeni akafukuzwa na mtawala aliyekuwa akimtumikia. Neno hilohilo la kadhi ndilo lililozaa *alcalde*, jina la meya wa leo. Utayakuta na mengine: kasri ni *alcázar*, sukari ni *azúcar*, na hata ile «hata» yetu ni ndugu wa *hasta* yao.

Vaa viatu vyenye soli nene, maana mawe ya njiani hayana huruma, na usitarajie chakula cha mchana kabla ya saa nane. Uagize *salmorejo*, supu baridi nzito ya nyanya na mkate, lakini uwaambie wasiweke nyama ya nguruwe juu yake.

Nimekutilia ndani ya bahasha ramani niliyoichora mwenyewe. Ifuate mpaka uwanja wa Potro, penye chemchemi ya mwanafarasi. Mstari unaoendelea baada ya hapo uupuuze, kwani ndipo nilipopotea.

Ni mimi rafiki yako,
Salma