Mtoto wa Jicho Hajarudi

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Mwikali,

Salamu nyingi, na mama umpe pole. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mtoto wa jicho amerudi kwenye jicho la kulia, miaka miwili baada ya upasuaji, na kuna mtu amemwambia atafute pesa apasuliwe upya. Asitafute kwanza. Mtoto wa jicho akishatolewa harudi, kwa kuwa ile lenzi iliyofanya ukungu haipo tena.

Kwa unavyoeleza, huenda shida ni kifuko. Lenzi ya kuzaliwa hukaa ndani ya kifuko chembamba sana, kama harage ndani ya ngozi yake. Mpasuaji hufungua upande wa mbele, akatoa lenzi iliyoharibika, akaweka ya bandia mle mle. Upande wa nyuma huachwa makusudi uishikilie. Sasa, hata asafishe vipi, chembe chache za lenzi ya zamani hubaki pembeni, nazo hutambaa polepole mpaka katikati na kuutia ukungu ule utando wa nyuma. Unakuwa kama nailoni ya kitalu cha nyanya iliyopigwa na jua misimu mitatu: mwanga unapita, sura hazipiti. Ndiyo maana namba ya matatu anaisoma gari likishamfikia, na usiku taa za magari pale Jogoo Road zinamtawanyikia machoni.

Dawa yake ni leza iitwayo YAG, mwanga wa kutoboa ule utando wa nyuma. Mwambie mama si jambo la kujaribiwa juu yake, maana imetumika kwa kazi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Lakini hapa nakusihi, msikubali kuharakishwa. Kabla ya leza, mboni ipanuliwe kwa dawa na retina, ile sehemu ya ndani kabisa ya jicho inayopokea mwanga, iangaliwe vizuri kule nyuma. Mama ana kisukari. Pengine kinachomzuia kuona ni retina iliyovimba, na leza hii haiponyi uvimbe huo. Inaweza hata kuuongeza. Muulize daktari waziwazi: je, ukungu wa kifuko unatosha kueleza jinsi mama anavyoona? Akisita, mwombe achunguze zaidi. Utando ukishatobolewa haushoneki, na ikitokea siku moja lenzi yenyewe inahitaji kubadilishwa, kazi hiyo inakuwa ngumu kuliko ingekuwa kabla.

Siku yenyewe ale kama kawaida na anywe dawa zake zote. Atatiwa dawa ya kupanua mboni, asubiri kama nusu saa, na mara nyingi tone jingine la kuzuia presha ya jicho isipande. Kisha jicho hutiwa ganzi ya matone tu, bila sindano. Anaweka kidevu kwenye mashine na kugandamiza paji la uso kwenye mkanda. Huwekewa juu ya jicho lenzi ndogo yenye jeli, inayozuia kope zisifunge. Ataona mwanga mwekundu, wa kulengea shabaha, na atasikia tik, tik. Leza yenyewe haionekani. Kazi yote ni dakika chache.

Inavyofanya kazi ni hivi: haichomi, inapasua. Kila pigo ni mlipuko mdogo mno, na daktari huanza na nguvu ndogo, milijuli 1 hivi, akipandisha ikibidi tu. Utando umekazwa kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo pigo likipita pale ulipovutika, tundu hujifungua lenyewe na kingo hurudi nyuma. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 3 hadi 4. Ikiwa ndogo mno, usiku mboni inapotanuka taa zitaendelea kumsumbua. Shabaha huwekwa nyuma kidogo ya utando, maana lenzi ya bandia iko mbele yake, karibu kugusana; ukikosea, unaacha vidoa kwenye lenzi. Vidoa vichache kwa kawaida havimzuii mtu kuona, lakini hapa ndipo utulivu wa mama unapohitajika. Asigeuze jicho kufuata ile sauti.

Baada ya hapo msikimbilie matatu. Vipande vya utando vinaweza kuziba njia za maji ya jicho na presha ikapanda, hivyo ipimwe tena baada ya saa moja hivi. Kama ana glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho, hili ni la lazima kabisa. Abebe miwani ya jua, na awepo wa kumshika mkono, kwani mboni itabaki wazi kwa saa kadhaa. Wengi huona nafuu siku hiyo hiyo au kesho yake. Vidoa vichache vyeusi vinavyoelea ni vya kawaida kwa wiki chache.

Visivyo vya kawaida ni hivi: mimweko kama ya radi, vidoa vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia kinachoingia kutoka upande mmoja. Hiyo ni retina inayochanika au kubanduka. Si mara nyingi, ila ikitokea aonwe siku ile ile, hata ikiwa miezi imepita tangu leza.

Si kila kliniki ya macho ina mashine hiyo, basi piga simu kwanza. Uliza kama inafanya kazi, bei yake jumla na matone ya baadaye, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa kiasi gani. Beba kadi ya upasuaji wa kwanza yenye aina ya lenzi. Ukiipata leo nipigie picha unitumie, niitazame kabla hujaweka miadi.

Wako,
Zawadi