Vakansi hizi, shule zitufungulie viwanja vyao

Ndugu Mhariri,

Vakansi kubwa zinakaribia, na sisi wa Katuba, hapa Lubumbashi, tunajua zinavyopita. Vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaamka saa tatu, wanashika simu au mpira, na saa nane wanaingia kuuliza kama bukari (ugali) imeiva. Siwalaumu, maana hakuna aliyewapa kazi ya maana miezi hiyo miwili. Wakati huohuo viwanja vya shule, vipana na vyenye uzio, vingine hata vyenye kisima, vinabaki vitupu na kufuli langoni.

Ombi langu kwa wakuu wa shule, mapadri na wachungaji wa Lubumbashi ni hili: Julai na Agosti tufungulieni viwanja hivyo, vijana walime mboga humo na kuzipika wenyewe, wavulana na wasichana pamoja.

Mwaka jana nilijaribu katika parsela yangu, yaani kiwanja cha nyumbani, na watoto tisa wa majirani. Tulipiga matuta manne, na tukaanza kwa kuharibu. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa na mbolea ya kuku ya juzi tu, tukaimwaga mbichi. Lenga-lenga (mchicha) ilichipua vizuri, halafu ikageuka njano na kukauka yote, kwa sababu samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Mtoto mmoja alibeba jembe lake akaenda nyumbani. Siku ya pili alirudi, tukapanda upya kwa samadi ya zamani iliyokwisha kuoza. Baridi ya Julai huku kwetu inachelewesha mimea, kwa hiyo tulingoja wiki tano. Mvua hakuna hadi Oktoba au Novemba, basi kila tuta lilikunywa bidoni (dumu) moja ya lita 20 kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni. Waliokuwa wanalala mpaka saa tatu walikuwa wananigongea mlango saa kumi na mbili.

Jikoni ndiko nilikoshangaa zaidi. Kijana wa miaka 15, fundi wa kufungua simu na kuzirudisha, alisema sombe, mboga ya majani ya muhogo, ataipika yeye. Aliyapiga majani mchi mara chache, akatia maji, mawese na chumvi, na baada ya dakika ishirini akaanza kupakua. Dada yake alionja kwa ncha ya ulimi akatema: "Mama, iko buchungu!" Nikawaketisha wote kando ya mbabula (jiko la makaa) nikawaeleza. Majani ya muhogo yana sumu, sianidi. Ukiyatwanga mpaka yalainike kabisa sumu ile inaachiliwa, na ukiyachemsha kwa muda mrefu bila mfuniko inatoka. Bibi zetu hawakuijua kwa jina, lakini hakuna aliyekubali kupakua sombe ya haraka. Yule kijana aliirudisha kinuni, akatwanga mpaka shati likamganda mgongoni, kisha akakaa kulinda sufuria kama anayelinda mtoto. Tulikula saa kumi jioni. Tangu siku hiyo kwao anapika yeye kila Jumamosi, na mama yake amenieleza hayo huku akilia.

Wazazi wawili waliniambia kwamba jiko ni la wasichana. Mvulana anayekwenda kusoma Kolwezi au kupanga chumba Ruashi atapikiwa na nani?

Unga wetu wa mahindi kwa sehemu kubwa unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, sisi ndio tuliolipa bei ya gunia. Nikiwa mtoto, baba alikuwa anafanya kazi mgodini na posho ilikuwa inakuja kila mwezi. Siku posho ilipokatika, mama alituokoa kwa majani ya maboga na karanga za kutwanga, maana alijua kuyalima na kuyapika. Nikiuliza vijana wa leo majani ya maboga yanamenywaje nyuzi zake, wengi wananitazama tu.

Kuna jambo moja nalisema wazi. Udongo wa mji huu si wote salama. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba umeangukia mitaa yetu tangu mwaka 1911, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini ya shaba, risasi na kadmiamu katika udongo na katika mboga za hapa. Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza udongo upimwe, na kitivo cha kilimo kiombwe kusaidia. Palipo na shaka, tupande kwenye magunia tuliyojaza udongo safi na samadi. Chokaa nayo inapunguza madini yanayopanda kwenye majani. Mboga zioshwe vizuri, kwa maana vumbi la kiangazi linabeba mengi. Vijana wapime pamoja na watafiti, si kuletewa karatasi tu.

Fedha zinazohitajika si nyingi: mbegu, magunia, makala (makaa) na maji. Maji ndiyo magumu, ndiyo maana nataja kwanza shule zenye kisima.

Mimi nina majembe matatu, kinu, michi miwili na sufuria ya kutosha watu ishirini. Watoto tisa wa mwaka jana wamekubali kuwafundisha wenzao. Tunachosubiri ni ufunguo wa lango kabla ya wiki ya kwanza ya Julai, ili tuvune mara ya kwanza katikati ya Agosti.

Mama wa watoto wanne,
Katuba, Lubumbashi