Keki na pete za skafu: maandalizi ya tarehe 22

Wazazi na walezi wa skauti wetu wadogo, shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Tarehe 22 Februari ndiyo siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1857, na watoto watakula keki waliyoipika wenyewe. Naomba kila familia ioke moja nyumbani. Msiwapikie, tafadhali. Mtoto apime, apige mayai, avunje hata mawili chini, ni sawa.

Kipimo: unga wa ngano robo kilo, siagi robo, sukari ipungue robo kidogo, mayai manne, beking pauda kijiko kimoja cha chai. Huku Kigoma mawese tunayo tele, ila kwenye keki hii yaacheni, ladha yake itafunika kila kitu.

Wasio na oveni: tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, pasha moto, weka sufuria ndogo yenye keki, funika. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko, chini uwe kidogo tu. Wengi huzidisha wa chini, ndiyo maana keki inaungua tako na katikati inabaki mbichi. Kupanga na kuondoa mkaa ni kazi ya mtu mzima.

Pete za skafu, zile za kushikilia skafu shingoni, tutasuka pamoja siku hiyohiyo. Leteni ukili au kamba laini, urefu wa mkono wa mtu mzima. Bibi au babu anayejua kusuka aje, tunamhitaji sana.

Nijibuni hapa nani anakuja.